Miaka minne ya sheria chuoni, na sikujua kubandika kielelezo (karatasi ya ushahidi) kwenye hati ya kiapo. Wenye uzoefu, kosa liko wapi?

#1 MwanaLangoni
Salaam wanabaraza. Mimi mzaliwa wa Langoni, Lamu, sasa niko Malindi kwa wakili aliyeniajiri. Niliapishwa mwaka jana. Jambo lenyewe ni la wiki iliyopita na bado limenikaa kifuani.

Nilipewa faili ya bibi mmoja wa Mambrui anayetaka shamba lake lisiuzwe hadi kesi iamuliwe. Ombi la dharura. Niliandika usiku kucha. Masharti matatu ya amri ya zuio, yale ya kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya 1973, niliyapanga moja baada ya jingine. Asubuhi jaji akafungua hati ya kiapo, akaniuliza: vielelezo vyako vimetiwa alama na muhuri wa kamishna wa viapo wapi? Mimi nilikuwa nimevibana kwa pini nyuma, basi. Wakili wa upande wa pili akasimama, akaitaja kanuni ya 9 ya Kanuni za Viapo, vielelezo vikaondolewa. Ombi likabaki maneno matupu.

Yule bibi alikuwa amekaa benchi la nyuma, mkoba wake magotini. Tulipotoka nje akaniuliza, "Mwanangu, tumeshinda?"

Chuoni nilikariri kesi ya konokono ndani ya chupa ya bia ya tangawizi, Scotland, uamuzi wa 1932. Naweza kuisimulia hadi leo. Kubandika kielelezo hakuna aliyenionyesha kwa miaka minne, na Shule ya Sheria kule Karen ilipita kama upepo. Je, ni mimi niliyelala darasani, au ndivyo tunavyofunzwa?

#2 Dau_la_Faza
Pole sana dada. Na shamba je, limekwenda?

#3 MwanaLangoni
Halijakwenda, alhamdulillahi. Jaji ameagiza kila kitu kibaki kilivyo na ametupa siku 14 tulete hati upya.

#4 Masijala31
Mwanangu MwanaLangoni, futa machozi. Nimekaa masijala ya mahakama, ofisi ya kupokea na kutunza faili, miaka 31, Mombasa, Malindi, Lamu, na sasa nimestaafu niko Barani. Hilo lako nimeliona mara nyingi mno.

Wala si vielelezo peke yake. Anakuja wakili mpya na hati ya madai bila kiapo cha kuithibitisha, bila orodha ya mashahidi, bila maelezo yao yaliyotiwa sahihi. Kanuni za kesi za madai za 2010 zinataka vyote viingie pamoja siku ya kwanza. Mwengine anasahau hata anwani ya kupelekewa hati. Namuuliza, mwanangu, kanuni umesoma? Anasema amesoma na alama alipata nzuri. Namwamini. Kanuni amezisoma, karatasi zenyewe hajawahi kuzishika.

Kuna wanafunzi waliokuwa wakija kwetu likizo. Wengi walitaka kukaa karibu na hakimu, waandike. Wachache walikubali kukaa nasi ndani: kutafuta faili iliyopotea, kupanga orodha ya kesho, kusoma kwa nini hati ya fulani imerudishwa. Hao wachache waliporudi na kanzu zao nyeusi sikuwaona wakibabaika mbele ya meza yangu.

#5 MhadhiriPwani
Nafundisha sheria, na nitasema ambalo halitapendwa hapa. Shahada ya sheria si kozi ya uwakili. Wizara, mabenki, mashirika, kaunti, wote wanaajiri wanasheria ambao hawatasimama mbele ya jaji maisha yao yote. Kazi yangu ni kumfanya kijana aweze kusoma sheria ambayo hajawahi kuiona, aielewe, na aweze kuibishia. Kanuni ya vielelezo ikibadilika kesho, aliyefunzwa kubandika tu atakwama. Aliyefunzwa kusoma ataisoma usiku huohuo.

Halafu kuna masomo 16 ya lazima ambayo kila chuo sharti kiyafundishe ndipo wahitimu wake wakubaliwe Karen. Ukishayamaliza hayo kwa miaka minne, na darasa lina watu mia na ushei, niambieni siku ya kumpeleka kila mmoja masijala ni ipi.

#6 Dau_la_Faza
Mwalimu, heshima kwako, lakini daktari naye anafunzwa kufikiri na bado anaingizwa wodini kabla hajahitimu.

#7 MhadhiriPwani
@Dau_la_Faza Ni kweli, na hospitali ya kufundishia imejengwa kwa kazi hiyo. Mahakama ya kufundishia umeiona wapi? Tuna mahakama ya mfano, wanafunzi wanavaa suti na kubishana juu ya kesi ya kutunga ambayo haina karani, haina mteja, na haiahirishwi. Kliniki ya sheria, ambako wanafunzi wanasaidia wateja wa kweli, tunayo pia, inategemea mwalimu mmoja mwenye moyo. Akihama, imekufa.

#8 MkweliMtupu
Mnazunguka tu. Ile Shule ya Sheria ya Karen inatunga mtihani mgumu makusudi ili watu wafeli walipe tena. Mwanafunzi anakariri apite. Mengine yote porojo.

#9 NikoKaren
@MkweliMtupu Niko hapa sasa hivi, nikurekebishe. Shule inafundisha. Mtihani wa kuwa wakili unatungwa na Baraza la Elimu ya Sheria, na ni taasisi mbili zenye sheria mbili tofauti, zote za 2012. Karatasi ni 9: kesi za madai, kesi za jinai, mirathi, uandishi wa hati, utetezi mahakamani, maadili, uendeshaji wa ofisi, uhamishaji wa ardhi, na mikataba ya biashara. Alama 60 za kuandika, 20 za mradi, 20 za mahojiano ya ana kwa ana.

Kwa hiyo dada MwanaLangoni, kubandika kielelezo kumo. Lakini mwezi wa mtihani ukikaribia, kila mtu anatafuta maswali ya miaka iliyopita. Karatasi ya mirathi unaulizwa fomu gani inatumika, unaandika P&A 80 na P&A 5, unapata alama zako. Fomu yenyewe ikiwekwa mezani na mjane amekaa mbele yako analia, hujui uanze na swali gani.

#10 MkweliMtupu
Haya, nimekubali la mtihani. La kukariri umenithibitishia mwenyewe.

#11 Mkakuyuni
Mimi si wakili, ni mteja, na wateja hatujaulizwa. Tuna ardhi ya ukoo huku Kakuyuni, alijitokeza mtu na hati miliki. Wakili wa kwanza tuliyempata alikuwa kijana, Kiingereza kinatiririka. Alituuliza karatasi. Hatuna karatasi. Akasema kesi ngumu.

Tukaenda kwa mzee mmoja. Huyo hakuuliza karatasi. Aliuliza: makaburi yenu yako wapi? Ule mwembe mkubwa alipanda nani, na huyo aliyepanda alifariki kabla au baada ya mvua kubwa za El Niño? Alikuja mwenyewe shambani, akatembea na babangu mdogo mti kwa mti, akaandika. Ndipo akatueleza kuwa sheria ina miaka 12, na kwamba mtu aliyekaa waziwazi bila ruhusa ya mwenye hati na bila kuondolewa ana la kusema mahakamani. Kumbe ushahidi tulikuwa tumeukalia kivulini mwa ule mwembe.

Kijana hakuwa mjinga. Hakujua aulize nini. Sasa kuuliza kunafundishwa darasa gani?

#12 Masijala31
@Mkakuyuni Hili lako wangelisoma wote. Nimeona kesi za ardhi za ukanda huu zikianguka kwa sababu hakuna aliyetembea shambani kabla ya kuandika.

#13 MhadhiriPwani
Nakiri, la kumhoji mteja hatulifundishi inavyostahili. Sina la kujitetea hapo.

#14 Mwanagenzi_Mombasa
Mnasahau uanagenzi. Miezi 6 chini ya wakili aliyetimiza miaka 5 kazini, ndiyo sheria. Hapo ndipo tulitakiwa kufunzwa haya ya masijala na ya kumhoji mteja. Mimi niko mwezi wa nne katika ofisi nisiyoitaja. Nimepeleka barua, nimelipia stima, nimesimama foleni ya benki, nimechukua chai. Faili nimefunguliwa mbili. Posho hakuna, nauli natoka nayo kwa mama. Nilipoomba kukaa wakati mteja anahojiwa niliambiwa mteja hataki watu wengi chumbani.

Vyuo mnavilaumu bure. Na Karen mnailaumu bure. Daraja limevunjikia hapa.

#15 WakiliWaShela
Dada, pole, na usiniweke kapu moja na huyo. Nina miaka 19 kazini na nachukua wanagenzi kila mwaka. Nieleze upande wetu kidogo.

Mwanagenzi akija, wiki ya kwanza simpi sheria. Nampa faili iliyokwisha, nene, tuliyoshindwa. Namwambia asome tangu barua ya kwanza hadi hukumu aniambie tulipoteleza wapi. Wengi hawajawahi kuona faili nzima. Wameona hukumu tu, na hukumu ni mwisho wa safari. Hajui kwamba barua iliyochelewa siku tatu mwaka wa kwanza ndiyo iliyotuzamisha mwaka wa sita.

Lakini kumfundisha mtu mmoja hivyo kunanila saa mbili kila siku. Ofisi ya wakili mmoja, Malindi, wateja wengine wanalipa kwa mafungu, saa mbili ni nyingi. Hakuna anayenilipa kufundisha na hakuna anayekuja kukagua kama nimefundisha. Fomu ya mwisho wa miezi sita naijaza mwenyewe. Wa kuchaisha watu naye anaijaza mwenyewe.

#16 Mwanagenzi_Mombasa
Mzee wangu, nafasi bado ipo? 🙏

#17 WakiliWaShela
Niandikie faraghani.

#18 MtangaHalisi
Naingia kutoka Tanga. Jirani zenu tulipigwa na hili wazi mwaka 2022. Matokeo ya Shule ya Sheria kwa Vitendo yalipotoka, nchi nzima ilizungumza.

#19 MkweliMtupu
Naikumbuka, walifeli wote!

#20 MtangaHalisi
Si wote. Wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja 26, wa kurudia masomo 342, waliobaki waliondolewa. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Ndumbaro, akaunda kamati chini ya waziri wa zamani Dkt. Mwakyembe. Na ubishi ulikuwa huuhuu: wengine wakasema vyuo vinapitisha wasioiva, wengine wakasema tatizo ni shule yenyewe, wengine wakasema ni lugha. Maana mwaka mmoja kabla, 2021, sheria ilibadilishwa Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, na vijana bado wanafundishwa kwa Kiingereza. Anasoma kwa lugha moja, anategemewa atetee kwa nyingine.

#21 NahodhaMkanda
Hilo la lugha mumelitaja, nami nina kisa. Kiamu changu, Kiswahili cha Lamu, mtanisamehe.

Niliitwa shahidi, miaka imepita. Mashine ya boti imeibwa, kijana mmoja ameshikwa. Mashtaka yasema alipita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, saa nne usiku akielekea Faza na mashine ndani ya mashua. Nikaulizwa hali ya bahari usiku ule. Nikasema: ilikuwa bamvua. Mkalimani akageuza kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza changu kidogo nikasikia amesema maji yalikuwa yamejaa. Wakili wa kijana akaandika, akakaa. Nami nikaambiwa nishuke.

Wallahi niliteremka nikiwa nimechomeka. Bamvua si maji kujaa! Bamvua ni siku za mwezi mwandamo na mwezi kamili, maji yakijaa yajaa mno na yakitoka yatoka mno. Na kwetu, siku za bamvua yajaa mida ya alasiri na alfajiri. Saa nne usiku ni makavu. Mkanda ule saa ile, zama hizo, mashua yenye mzigo haipiti, yakaa juu ya mchanga. Kila mtoto wa Pate ajua ndia ile. Lau wakili angeniuliza neno moja tu, "bamvua maana yake nini?", kesi yote ingegeuka.

Kijana alifungwa. Wakili alikuwa mtu wa bara, amesoma, alimtetea kwa bidii. Sikumchukia. Lakini yeo hii nikimuona mamake kijana sokoni nainamisha uso.

#22 MwanaLangoni
Nahodha, nimesoma hili mara tatu. Mimi mtoto wa Lamu, na sidhani ningeuliza. Ningeona haya kuuliza neno ambalo babu yangu alilijua.

#23 Dau_la_Faza
Subhanallah.

#24 NikoKaren
Inauma. Na huku kwenye utetezi mahakamani tunafunzwa kinyume: usimuulize shahidi wa upande wa pili swali usilojua jibu lake. Huenda ndilo lililomkalisha wakili yule.

#25 WakiliWaShela
@NikoKaren Kanuni hiyo ni ya ukumbini. Kabla ya kuingia ukumbini ulitakiwa uwe umeketi barazani Mkunguni, Lamu, na manahodha watatu ukiwauliza maswali ya kitoto.

#26 Masijala31
Kwa faida ya wasomaji: kisheria mahakama za chini zinaendeshwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Mahakama Kuu ni Kiingereza. Kwa hiyo kesi ya nahodha, ikiwa ilikuwa kwa hakimu, ilikuwa ruhusa kabisa iendeshwe kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Mara nyingi mawakili ndio wanaoona taabu. Kuna niliowaona wakishindwa kusema "pingamizi" ilhali wamezaliwa Majengo.

#27 MhadhiriPwani
Na jambo la kusikitisha: kwa waliotoka kidato cha nne, kigezo cha Karen kimeandikwa kinataka B ya Kiingereza *au* Kiswahili. Kiswahili kinatosha kukufungulia mlango. Ukishaingia hukioni tena.

#28 MzeeWaVitabu
Wanangu, historia kidogo. Kabla ya uhuru, Mwafrika wa huku akitaka uwakili alikwenda Uingereza. Mwaka 1961 kamati ya jaji Denning ikapendekeza sheria isomwe hukuhuku Afrika, na mwaka huohuo kitivo cha Dar es Salaam kikafunguliwa. Shule ya Sheria ya Kenya ikaja 1963, na mwanzoni kijana alikuwa anafanya kazi ndani ya ofisi ya wakili huku akisoma, miaka kadhaa, mpaka anaiva. Nairobi walianza shahada 1970. Tangu hapo chuo kimekuwa kikipanda na ofisi ikishuka. Rudisheni ule mtindo, mtaona.

#29 Mwanagenzi_Mombasa
Mzee, shikamoo. Lakini mtindo ule ulikuwa wa nani? Wa mwenye mjomba wakili. Sisi ambao ukoo mzima hauna hata karani tungepokewa na nani? Chuo ndicho kilichonifungulia.

#30 MzeeWaVitabu
Marahaba. Hilo nalo lina uzito, sikulifikiria hivyo.

#31 UstadhMatondoni
Ongezeni la Kadhi. Lamu mambo mengi ya ndoa na mirathi yanaishia kwa Kadhi, na wakili kijana anakuja hajui thumni, sehemu moja ya nane, ni nini. Chuoni kwangu sheria ya Kiislamu ilikuwa somo la hiari, tulikuwa watu saba darasani. Mfano mwepesi: marehemu ameacha mke, mwana wa kiume mmoja na mabinti wawili, shamba ekari 32. Mke thumni, ekari 4. Zilizobaki 28, mwana hupata mara mbili ya binti: mwana 14, kila binti 7. Nimemuona wakili akigawanya sawa kwa wanne, mbele ya Kadhi!

#32 Mkakuyuni
Ekari 32 Lamu nzima ya mawe iko wapi Ustadh, tuje tulime 😀

#33 UstadhMatondoni
Ng'ambo bara, mji wa Hindi huko. Wewe una mwembe wako, tulia.

#34 MkweliMtupu
Si mirathi ya kila Muislamu lazima iende kwa Kadhi? Basi mawakili wa nini?

#35 WakiliWaShela
Si lazima. Ibara ya 170 ya Katiba: wahusika wote wawe Waislamu *na* wakubali mamlaka ya Kadhi. Mmoja akikataa, mnaweza kwenda Mahakama Kuu. Na hapo wakili asiyejua thumni ana hatari mara mbili, maana ndiye wa kumueleza jaji kwa nini ekari ni 4 na si 8.

#36 NikoKaren
Tukubaliane basi. Nani alaumiwe: chuo, Karen, wakili msimamizi, au lugha?

#37 Mwanagenzi_Mombasa
Wakili msimamizi. Sibadilishi.

#38 Mkakuyuni
Kuuliza. Wafundishwe kuuliza.

#39 MhadhiriPwani
Nitakayeweza kumbadilisha ni mimi tu. Muhula ujao nitaomba masijala moja ipokee wanafunzi kumi. @Masijala31, ukiwa na nafasi ya kuja kuzungumza nao saa moja, nitafurahi. Lakini bado nasema shahada si kozi ya uwakili.

#40 Masijala31
Nitakuja. Saa moja haitoshi.

#41 MwanaLangoni
Wapendwa, nimerudi. Tulikwenda Alhamisi. Vielelezo safari hii vilikuwa na alama, muhuri na tarehe, niliviangalia kimoja kimoja kwa kidole. Vimepokewa, zuio limetolewa hadi kesi isikizwe. Bibi nilimwambia kwa Kiswahili kila hatua kabla hatujaingia, na baadaye akanieleza jambo la mpaka ambalo halimo popote kwenye faili. Shukran kwenu.

Sasa nina shida mpya. Mdaiwa wa tatu yuko Kizingitini, kisiwa cha Pate. Mpeleka hati wetu wa hapa Malindi hajawahi kuvuka bahari pale Mokowe na haijui nyumba, kwa hiyo nitafuatana naye. Mashua ya Kizingitini inatoka Lamu saa ngapi siku hizi?

#42 Masijala31
Kwanza mwambie aandike saa, mahali, na nani aliyemtambulisha mdaiwa. Kiapo cha kupeleka hati kisicho na hayo matatu kitarudishwa.

#43 NahodhaMkanda
Mashua haina saa, mwanangu, ni maji. Jumapili ni bamvua, yatajaa mida ya saa kumi alasiri. Muwe gatini saa nane, na hizo karatasi zitieni kwenye mfuko wa plastiki, mbele ya Mkanda hurusha mai.

#44 MwanaLangoni
Saa nane, in shaa Allah. Natakiwa nibandike nini kwenye plastiki? 😀

#45 Masijala31
Nauli.